Siri ndani ya kasiterite

Wapendwa vijana wa Kasongo na Kabambare, wengi wenu munajua kuosha kasiterite. Lakini ndani yake mna nini?

Kasiterite ikichomwa pamoja na makaa hutoa bati, ile tunaita etain. Ndani ya bati mna elektroni, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hizo ndizo zinapitisha umeme. Zikipita zinagongwa huku na huku, ndiyo maana waya inapata moto na nguvu inapotea.

Kumbe bati ikipata baridi ya digri 269 hivi chini ya sifuri, umeme unapita bila kupotea hata kidogo! Ajabu hii ilionekana kwanza katika zebaki, huko Uholanzi, mwaka 1911. Sababu ilitafutwa miaka 46.

Mwaka 1957, Waamerika watatu, John Bardeen, Leon Cooper na mwanafunzi Robert Schrieffer, walieleza: katika baridi ile elektroni zinatembea mbili mbili, sawa mitume waliotumwa na Bwana Yesu (Marko 6:7), na zote zinakwenda kwa umoja. Schrieffer alipata hesabu yake ndani ya treni, akiwa na miaka 25 tu. Mwaka 1972 walipewa Tuzo ya Nobel.

Leo mashine kubwa za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili zinatumia siri hiyo. Waya zake zina niobi, ambayo imo pia katika koltani.

Wazazi, mtoto anayeacha kalasi kwa ajili ya shimo atajua bei ya kilo tu. Mumwache asome hesabu na fizika, naye ajue jiwe lenyewe.