Pikipiki ya Safari Ndefu Nyumbani Kwetu: Tuliyoyaona Katika Kilomita 1,000 za Mwanzo



Pikipiki ina sifa mbaya katika nyumba zetu nyingi, wala haikuipata bure. Mwenye kupita wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili huwakuta vijana waliovunjika miguu na mikono, na akiwauliza walikuwa wamepanda nini, aghalabu jawabu ni moja. Kwa hiyo tulipotangaza mbele ya wazee na majirani kwamba tumenunua pikipiki, tena kubwa, hatukushangaa kuona nyuso zikikunjamana. Jirani mmoja alituuliza kwa upole kama tumeamua kuanza kubeba abiria.

Miezi miwili imepita, na kipimo cha umbali kimevuka kilomita 1,000. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wazazi wenye vijana wanaokitamani chombo hiki, au ni wake wa waume wanaokitamani. Tumeona basi ni vyema tueleze tuliyoyaona, mazuri yake na mabaya yake. Jina la kampuni iliyoitengeneza hatulitaji, maana safu hii si ya matangazo wala si ya mashitaka.

Ni chombo cha namna gani

Bodaboda nyingi za mitaani zina injini ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 100 hadi 150. Zimeundwa kwa safari fupi, mwendo wa wastani na matumizi madogo ya mafuta. Pikipiki ya safari ndefu ni jamii nyingine. Ina tangi kubwa, kioo cha kukinga upepo, kiti kipana cha watu wawili na vyuma vya kufungia masanduku ya mizigo. Zipo zenye ukubwa wa kutisha, kama Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975 ikiwa na silinda nne na injini ya karibu lita moja. Zipo pia zilizoundwa kwa lami na vumbi kwa pamoja. BMW iliifungua njia hiyo mwaka 1980 kwa R 80 G/S, na mwaka uliofuata pikipiki ya aina hiyo ikashinda mbio za Paris hadi Dakar.

Yetu ni ya kundi hili la pili, lakini ya kadiri. Ina silinda mbili, ujazo wa injini chini kidogo ya sentimita 500, tangi la lita 17, na uzito unaokaribia kilo 200 tangi likijaa.

Kwa nini tuliinunua? Mama yetu mzazi anaishi Lushoto, na umri wake umefika pale ambapo simu peke yake haitoshi. Kila mwezi tunakwenda kumtazama. Kwa basi, siku moja huishia njiani kwenda na nyingine huishia njiani kurudi. Fedha tulizodunduliza kwa miaka minne, bila mkopo wa riba, zingeweza pia kununua gari dogo lililotumika, na mama watoto hakuacha kutukumbusha hilo. Tulimjibu kwamba pikipiki hula mafuta kidogo na haihitaji nafasi kubwa uani. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba tuliipenda, na hilo tulilisema waziwazi, kwa kuwa shura isiyo na ukweli ndani yake haina faida.

Masharti manne

Mama watoto hakukataa. Alichukua daftari la mahesabu ya nyumbani akaandika masharti manne. La kwanza, hapana kuiendesha usiku nje ya mji. La pili, mtoto hapakizwi, hata mpaka msikitini. La tatu, kofia ngumu, koti, glavu na viatu vya kufunika kifundo cha mguu vinunuliwe kwanza, kwa fedha zilezile, kabla ya pikipiki. La nne, ikatwe bima kubwa na wasia uandikwe.

Sharti la nne lilitunyamazisha. Tulikuwa tumezungumza juu ya rangi, juu ya masanduku na juu ya safari, na ghafla tukawa tunazungumza juu ya nani anamdai nani, shamba la Lushoto limeandikwa jina la nani, na ada za watoto zitalipwaje. Wasia uliandikwa usiku ule, ukashuhudiwa kesho yake. Tunawashauri wasomaji wafanye hivyo hata kama hawana nia ya kununua baiskeli.

Sharti la tatu nalo lina hesabu yake. Mwaka 2008, taasisi ya Cochrane ilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali, ukaonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini kofia inayosemwa hapo ni kofia iliyofungwa mkanda chini ya kidevu, si ile inayoning'inizwa kwenye usukani ili trafiki aione. Yetu tuliichagua kwa kutazama alama ya viwango vya ECE iliyoshonwa kwenye mkanda wake. Bei yake ilituuma.

Siku za mwanzo

Jambo la kwanza tuliloligundua ni uzito. Barabarani hausikiki, lakini ikisimama penye changarawe, au ukiisukuma kinyumenyume kutoka uani, kilo 200 hukumbusha umri wako. Wiki nzima ya kwanza tulikuwa tukiamka baada ya Alfajiri kufanya mazoezi katika uwanja wa shule: kuanza, kusimama, kukata kona ndogo, kufunga breki kwa ghafla. Leseni ya daraja A tulikuwa nayo tangu zamani, ila leseni hiyo ilipatikana kwa pikipiki ya nusu ya uzito huu.

Jambo la pili ni breki. Pikipiki hii ina mfumo wa ABS, ambao huhisi gurudumu linapotaka kuganda na kuilegeza breki mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi liendelee kuzunguka na mwendeshaji asianguke. Umoja wa Ulaya umeufanya kuwa wa lazima tangu 2016 kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi sentimita 125. Tuliujaribu kwenye mchanga wa uwanja ule, tukausikia ukitetema chini ya vidole. Iwapo msomaji atachagua baina ya pikipiki yenye mapambo na yenye mfumo huu, achague huu.

La tatu ni joto. Katika foleni ya Mwenge kuelekea Tegeta, feni ya injini huwaka na kuyapuliza magoti kwa hewa kama ya tanuri la mkate. Bodaboda hupenya katikati ya magari zikatoweka, sisi na masanduku yetu tukabaki kwenye mstari pamoja na daladala.

Njia ya Lushoto

Safari ya kwanza ndefu tulipita Bagamoyo, tukatokea Msata, kisha Segera, Korogwe na Mombo. Kitabu cha pikipiki kilituagiza tusiikamue injini mpaka kilomita 1,000 zitimie na oili ya kwanza ibadilishwe, kwa hiyo mwendo wetu ulikuwa kilomita 80 kwa saa, na 50 vijijini kama sheria inavyotaka. Kwa mwendo huo lita moja ilitupeleka kilomita 26 hivi, maana yake tangi moja hufika Lushoto na mafuta yakabaki.

Kioo cha upepo hukinga kifua vizuri, lakini upepo unaopita juu yake hugonga kofia na kuvuma masikioni, hata jioni ukavua kofia na kuendelea kuusikia. Kiti ni kizuri kwa kilomita 100 za mwanzo. Baada ya hapo hugeuka ubao. Tulijipangia kusimama kila baada ya saa moja na nusu, na misikiti ya kandokando ya barabara kuu ilitupa mahali pa kusimama: maji, kivuli, na sakafu ya kunyoosha mgongo.

Mabasi ndiyo mtihani. Basi linapokuja mbele yako kwa kasi hutanguliza ukuta wa hewa, na linapokupita ukuta huo hukuvuta. Pikipiki nzito hustahimili kuliko nyepesi, lakini haisahauliki mara ya kwanza. Tulijifunza kulegeza mikono, kushika tangi kwa magoti, na kukaa kushoto kwa kiasi cha kuacha nafasi bila kuukaribia ukingo wa lami.

Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam saa nne asubuhi. Msata tukakutana na mvua ya masika, ile isiyoruhusu kuona mbele. Tukajisitiri msikitini, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa ruhusa ya msafiri, tukangoja mpaka saa tisa. Tulipofika Korogwe ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, jua likielekea kuchwa. Zilikuwa zimebaki kilomita 40 hivi kufika Mombo, kisha 33 za kupanda mlima kwa kona zisizokwisha, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, barabara ikiwa imelowa. Mama alikuwa amekwisha kupika. Watoto wa dada yetu walikuwa wamekaa barazani tangu mchana kuingoja pikipiki.

Hakuna aliyekuwa akitutazama. Mama watoto alikuwa Dar es Salaam, na tungeweza kufika saa mbili usiku tukamwambia kuwa tumefika salama. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kwa muda, taa kubwa ya pikipiki ikiwaka vizuri kuliko ya magari mengi, na kila sababu ya kuendelea ilikuwa inaingia akilini. Hatimaye tulimpigia mama simu. Alisikiliza, akasema, "Lala hukohuko, mwanangu. Chakula kitapashwa moto kesho." Tukatafuta nyumba ya wageni.

Asubuhi tulipanda. Ukungu ulikuwa umetanda Soni, na kwa saa nzima hatukukutana na basi hata moja. Injini ya silinda mbili huvuta mlimani bila kulalamika. Katika kona zile pikipiki hulala na kuinuka kwa utulivu ambao hatujaupata katika chombo kingine. Tuliona pia mahali ambapo kingo za barabara zimemegeka, na malori ya mboga yaliyochukua zaidi ya nusu ya njia katika kona. Kwa giza, tungeviona hivyo vikiwa vimekwisha kutufikia.

Abiria wa nyuma

Baada ya mwezi mama watoto alikubali kupanda, mpaka Bagamoyo. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na kwa familia zetu ni kubwa. Buibui pana, mtandio mrefu au kanzu inayopeperuka inaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, na ikinaswa humvuta aliyeivaa kabla dereva hajajua. Yeye alilitatua mwenyewe: suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake vazi la kufika magotini lililopasuliwa pembeni, kisha koti la pikipiki lililofungwa. Ushungi wa pamba nyepesi, usio na pini hata moja, ukaingizwa ndani ya kola. Pini chini ya kofia ngumu ni hatari ya peke yake. Alikaa kwa kutanua miguu, nyayo zote mbili kwenye vikanyagio, akishika vyuma vya pembeni. Kukaa upande, kama ilivyozoeleka kwenye bodaboda, ni kukaa bila kushika chochote. Stara ilibaki na usalama ukabaki. Aliporudi alisema kiti cha nyuma ni bora kuliko cha mbele, nasi tunaamini.

Mizani yake

Gharama zipo. Fundi wa mtaani hana vifaa vyake, na kipuri kidogo cha kufungia sanduku, ambacho boliti yake ililegea kwa mitikisiko, kilichukua wiki tatu kufika. Tairi za nyuma huisha mapema kuliko za gari. Mwenye watoto watatu na gari halimo nyumbani, tunamwambia bila kusita: anza na gari. Pikipiki hii haimpeleki mtoto hospitali usiku. Lakini mwenye safari ya mara kwa mara ya peke yake, mwenye subira ya kujifunza upya, na ambaye nyumba yake imeridhia, atakipata chombo chepesi kwa mafuta na kizuri kwa moyo. Tangu tumekuwa nacho, tumemtazama mama mara tatu katika miezi miwili.

Mwanetu wa kiume ana miaka 15. Siku hizi huifuta pikipiki vumbi bila kuambiwa, na juzi tulimkuta amevaa kofia ngumu sebuleni, mkanda umefungwa sawasawa chini ya kidevu. Hakuomba kitu, nasi hatukusema kitu. Daftari la mahesabu liko kabatini, na siku atakapoomba tutamtaka asome kwanza ule ukurasa wenye masharti manne, kisha amwulize mamaye kama yametosha.