Usuluhishi si Suluhu

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Mswahili akisikia usuluhishi, masikio yake yanapokea suluhu: wazee wamekaa mkekani, kahawa inazunguka, kila upande umesema yake, na mwishowe mdai anapunguza, mdaiwa anaongeza, wanapeana mikono. Sasa chukua mkataba wa kuuza nje pamba, korosho au ufuta, ufungue ukurasa wa mwisho, uvuke vifungu vya bima na vya majanga yasiyozuilika, hadi ufike kwenye ule mstari mmoja unaosema kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwenye usuluhishi. Hapo hakuna mkeka. Anayetia saini mstari huo amekwisha kuchagua hakimu, amechagua sheria, mara nyingi amechagua na mji wa ng'ambo, kisha amejifungia mlango wa rufaa. Hasara nyingi tunazozililia kwamba zimetoka kwenye mabaraza ya kimataifa zilikwisha kupandwa siku ya kutia saini, na zilipandwa kwa sababu kifungu hicho tunakihesabu kuwa cha amani wakati ni cha hukumu.

Sheria zetu hazijatusaidia kuondoa utata huu. Mfanyakazi wa Tanzania aliyefukuzwa kazi huenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale, usuluhishi ni hatua ya kwanza: msuluhishi hana mamlaka ya kumshinda mtu, kazi yake ni kuwasogeza wakubaliane, na wakishindwa ndipo shauri linaingia kwenye uamuzi. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021 na kuizika ile ya mwaka 1931, inatumia neno hilohilo kwa kitu ambacho kule kwenye Tume kingeitwa uamuzi. Nchi moja, neno moja, maana mbili zinazopingana. Waarabu, tuliowakopa, walizitenga mapema: sulhu ni kupatana, tahkim ni kumpa mtu mliyemteua mamlaka ya kuwahukumu. Sisi tulichukua suluhu, na katika mzizi wa ile ya pili tukachukua hakimu, hukumu na mahakama, tahkim yenyewe ikabaki jahazini. Mfanyabiashara wa Muscat au Dubai akiliona neno lake kwenye mkataba anajua anakwenda kuhukumiwa. Wetu anadhani anakwenda kusikilizwa. Na akishindwa, karatasi ya kumtaka alipe inaitwa tuzo!

Atakayeniambia kwamba mikataba mikubwa huandikwa kwa Kiingereza na kusainiwa na wanasheria, hivyo neno la Kiswahili halina kosa, nitamkubalia nusu. Ninachokilaumu zaidi ni mazoea yaliyobebwa na neno: bei hujadiliwa wiki tatu, tarehe ya meli wiki moja, na kifungu cha mgogoro hunakiliwa kutoka mkataba wa mwaka jana watu wakiwa wamekwisha kufunga mikoba. Mazoea hayo hayana lugha. Tutayaona Abuja kama tunavyoyaona Dar es Salaam.

Kabla ya kukilaumu chombo, tuseme kinatufaa nini. Hukumu ya mahakama haina miguu mirefu. Muuzaji wa Mombasa aliyeshinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya mnunuzi wa Guangzhou ana karatasi yenye heshima yote nyumbani, ila mali ya mdaiwa iko China, na sheria ya Kenya ya kutambuliana hukumu inagusa nchi chache tu, nyingi za Jumuiya ya Madola. Tuzo ya usuluhishi inasafiri kwa sababu ya Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 170. India iliingia mwaka 1960, Tanzania 1964, China 1987, Kenya 1989, Oman 1999, Rwanda 2008, Burundi na Kongo 2014. Mahakama ya nchi mwanachama ikipelekewa tuzo ya nje inaweza kuikataa kwa sababu chache zilizotajwa: makubaliano hayakuwa halali, upande mmoja haukupewa taarifa, wasuluhishi walivuka mamlaka yao au hawakuteuliwa inavyotakiwa, tuzo imebatilishwa ilikotolewa, au inapingana na sera ya umma. Kwamba msuluhishi alikosea kuusoma mkataba si mojawapo. Kenya, Desemba 2019, katika shauri la Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba rufaa dhidi ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa kubatilisha tuzo inawezekana, lakini kwa tundu la sindano. Hiyo ndiyo bei ya tuzo yenye miguu: inafika mbali kwa kuwa hairudi nyuma.

Nani analipa bei hiyo bila kujua? Tutazame pamba. Sehemu kubwa ya pamba inayouzwa kati ya nchi na nchi huuzwa chini ya kanuni za chama cha wafanyabiashara wa pamba kilichoko Liverpool, chenye mizizi ya mwaka 1841. Kanuni zake hufuata sheria ya Uingereza, na wasuluhishi ni watu wa pamba wenyewe, ambao mara nyingi huamua kwa kusoma nyaraka bila kumwona mtu. Tuseme kiwanda cha kuchambua pamba cha Shinyanga kimeuza tani 100 kwa senti 90 za dola kwa ratili. Bei inapanda hadi dola 1.80, wakulima wanapeleka pamba kwa anayelipa zaidi, kiwanda kinakosa marobota ya kupakia. Mwenye kiwanda anadhani mkataba umekufa, au kwamba wataitana wazungumze. Kanuni zinasema vingine: mkataba usiotekelezwa hufungwa kwa kulipana tofauti ya bei ya soko. Tani 100 ni ratili 220,000 na ushei, kila ratili ina tofauti ya senti 90, kwa hiyo deni linakaribia dola 200,000 kwa pamba ambayo hakuna aliyeiona. Asipolipa, jina lake linaingia kwenye orodha ya walioshindwa kutii tuzo, na wanachama hawaruhusiwi kufanya naye biashara. Mwaka 2011 bei ya dunia ilipita dola 2 kwa ratili mwezi Machi na kabla mwaka haujaisha ikawa imeanguka chini ya nusu yake. Bei ilipopanda walikimbia wauzaji, iliposhuka wakakimbia wanunuzi, na mashauri yakafurika Liverpool. Huwezi kusema baraza lile liliwaonea watu wa upande mmoja. Liliwahukumu wote kwa kanuni ambazo wengi wao hawakuwahi kuzifungua.

Dowans inatufundisha jambo hilohilo, ila kwa kelele zaidi. Novemba 2010, baraza lililoundwa chini ya kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris liliiamuru TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iilipe kampuni ya Dowans takriban dola milioni 65 kwa kuvunja mkataba wa umeme wa dharura. Mkataba ule ulikuwa umerithiwa kutoka Richmond, kampuni iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki, lakini iliangukia Paris. Wachache walitaja kwamba makao ya kisheria ya usuluhishi ule yalikuwa Dar es Salaam, na kwamba TANESCO ilipoomba tuzo ibatilishwe, ombi lilisikilizwa na Mahakama Kuu ya Tanzania, ikalikataa Septemba 2011. Jaji hakuwa na nafasi ya kuuliza kama ilikuwa busara kwa taifa kuingia mkataba ule. Swali hilo lilikuwa na wakati wake, mwaka 2006, na mwenye kuliuliza alikuwa upande wa pili wa meza, na kalamu mkononi.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka Nigeria. Mwaka 2010 wizara ya mafuta ya nchi hiyo iliingia mkataba wa miaka 20 wa kusafisha gesi na P&ID, kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Virgin vya Uingereza. Mtambo haukujengwa. Mwaka 2017 baraza la watu 3 lililokaa London, mmoja wao aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Nigeria, liliipa kampuni dola bilioni 6.6, na riba ikaisukuma hesabu kupita bilioni 11. Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliamua kwamba tuzo ilipatikana kwa udanganyifu: afisa wa sheria wa wizara alihongwa, ushahidi wa uongo uliletwa mbele ya baraza, na nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria zilikuwa mikononi mwa mpinzani wake. Je, chombo kinachoweza kunyonya mabilioni kwa namna hii si cha kutupwa? Ningesita. Wasuluhishi walihukumu walicholetewa, na walicholetewa na serikali ya Nigeria kilikuwa kidogo na kilichelewa. Kesi ya World Duty Free dhidi ya Kenya iliyoamuliwa Oktoba 2006 inaonyesha upande wa pili. Mmiliki wa kampuni ile ya maduka ya viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa alikiri kwamba mwaka 1989 alimpa Rais Moi dola milioni 2, na baraza likamfukuza na madai yake: aliyenunua mkataba kwa hongo hana cha kudai. Hongo iliyofika mezani iliua shauri. Iliyofichwa Abuja ilikaribia kuua hazina.

Wapo wanaosema dawa ni kujitoa. Tanzania ilijaribu. Sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya kudumu juu ya mali asilia ilikataza migogoro ya rasilimali hizo kupelekwa kwenye mahakama au mabaraza ya nje, na mwaka uliofuata mikataba ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi ikafungiwa ndani vivyo hivyo. Mwaka 2023 mlango wa ubia ukafunguliwa tena. Sioni aibu katika kurudi nyuma kule, naona hesabu. Mgeni mwenye fedha akinyimwa baraza analoliamini hupandisha bei ya fedha zake au haji, na katazo la ndani halifuti mikataba ya uwekezaji tuliyokwisha kusaini na mataifa: mwaka huohuo wa 2023 Tanzania ilishindwa katika shauri la leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, na mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 90 yaishe. Msimamo unaosimama ni wa kukubali usuluhishi na kugombania makao yake. Nairobi ina kituo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, Kigali ina chake tangu 2012, na Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha imepewa na ibara ya 32 ya mkataba wa Jumuiya mamlaka ya kusuluhisha migogoro ya kibiashara, mamlaka ambayo haijapata kazi ya maana kwa sababu mikataba yetu wenyewe haiitaji.

Najua jibu: mwenye shehena moja ya ufuta hana ubavu wa kumlazimisha mnunuzi wa ng'ambo aende Kigali. Ni kweli, na sina dawa kamili. Anachoweza ni kuomba madogo yenye thamani: msuluhishi mmoja badala ya watatu, shauri liamuliwe kwa nyaraka, madai yaliyo chini ya kiasi fulani yasikilizwe kwa njia ya video, na hatua ya kupatana, suluhu yenyewe hasa, itangulie kwa siku 30. Chama cha ushirika au bodi ya zao inaweza kuomba zaidi, kwa kuwa inauza kwa maelfu ya tani. Serikali na mashirika yake hayana kisingizio hata kimoja.

Hao ndio wanaonigusa ninapofika kwenye siri. Wafanyabiashara wawili wakitaka ugomvi wao usijulikane, hiyo ni haki yao. Lakini inapolipwa fedha ya umma, siri inamlinda nani? Jaji Knowles mwenyewe aliuliza kama faragha ya baraza haikusaidia udanganyifu ule kukua gizani, na kama wasuluhishi hawakupaswa kuuliza zaidi walipoona upande mmoja unatetewa vibaya. Bunge linaweza kulimaliza hili kwa kifungu kimoja: mkataba wowote wa shirika la umma ueleze kwamba tuzo itachapishwa. Kampuni safi haitakimbia kwa sababu hiyo.

Makala za toleo hili zimeliacha neno usuluhishi kama sheria inavyoliandika, kwa kuwa gazeti haliwezi kubadili sheria. Msomaji aliye na mkataba kabatini tunamwomba autoe kabla hajafungua makala ya kwanza, aende ukurasa wa mwisho, na atazame ni mji gani ulioandikwa pale.