Ghala za risasi kati ya nyumba za raia: Mpila na Mbuji-Mayi hazikutosha?

Jumapili tarehe 4 Machi 2012, asubuhi, wakaaji wa Kinshasa walisikia vishindo vikubwa, na wengine waliona vioo vya madirisha yao vikivunjika. Wengi walifikiri vita imeanza. Haikuwa vita. Ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Mpila mjini Brazzaville, ghala la silaha la jeshi lilikuwa linalipuka. Watu karibu 300 walikufa, zaidi ya 2.000 walijeruhiwa, na maelfu walibaki bila nyumba. Serikali ya huko ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme. Waya tu.

Congo yetu haihitaji kuvuka mto ili kupata mfano. Aprili 2000, moto uliingia katika ghala lenye silaha kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa, na watu karibu 100 wakapoteza maisha. Januari 2014 huko Mbuji-Mayi, radi ilipiga ghala la risasi la jeshi. Watu wasiopungua 20 walikufa. Siku hizo mbili hakuna adui aliyefyatua risasi hata moja.

Raia wengi wanaamini kwamba risasi iliyofungwa katika sanduku imelala, na kwamba haina hatari mpaka mtu aifyatue. Si kweli. Baruti iliyo ndani inaharibika polepole kadiri miaka inavyopita, na ikiharibika inatoa joto. Kiwandani wanaichanganya na dawa ya kuzuia uharibifu huo, lakini dawa hiyo nayo inaisha. Joto la ghala likipanda, inaisha haraka zaidi. Ndiyo maana ghala nzuri inakuwa na hewa, haina waya zilizo wazi, ina kinga ya radi, na baruti yake inapimwa kila mara ili ile ya zamani iondolewe na kuharibiwa na mafundi. Kontena la chuma lililoachwa juani, na ndani yake makombora ya miaka 30 yakiwa pamoja na mabomu ya mkono, si ghala. Ni jiko linalongoja moto.

Tena kuna jambo la umbali, na hapa ndipo viongozi hawapendi kuulizwa. Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kutunza risasi tangu 2011. Ndani yake kuna hesabu rahisi: kadiri uzito wa baruti unavyoongezeka, ndivyo nyumba za watu zinavyopaswa kuwa mbali. Kwa tani 10 za vilipuzi, umbali unakaribia mita 480. Hata kwa kiasi kidogo, miongozo inataka mita mia kadhaa, kwa sababu vipande vya chuma vinaruka mbali kuliko moto.

Sasa mtu atazame miji ya mashariki. Camp Katindo iko ndani ya Goma, Camp Saio iko ndani ya Bukavu. Makambi ya namna hii yana wake na watoto wa askari ndani yake, na raia wamejenga mpaka kwenye ukuta. Kulaumu raia peke yao si haki, maana viwanja hivyo viliuzwa, na karatasi zilitiwa muhuri na watu wa serikali. Lakini swali la nini kinahifadhiwa nyuma ya ukuta halina jibu, na anayeuliza anaambiwa ni siri ya jeshi.

Siri kwa nani? Mama anayeuza ndizi mbele ya kambi anaona malori yakishusha masanduku. Wasiojua ni chefu wa avenue, mkurugenzi wa shule ya jirani na wazima moto, yaani wale ambao siku ya moto wangetakiwa kuokoa watu.

Hatari nyingine iko ndani ya nyumba zenyewe. Baada ya mapigano ya Januari 2025 mjini Goma, risasi na mabomu vilibaki katika mitaa, na watoto waliviokota. Wapo wanaotupa risasi motoni kwa mchezo. Ndani ya bunduki, mtutu unashika ule msukumo wa baruti na kuuelekeza mbele. Ndani ya moto hakuna cha kuushika. Ganda linapasuka, na vipande vyake vinaweza kutoboa jicho. Mzazi anayeona kitu cha namna hiyo asikiguse, asikiuze na vyuma vikuukuu. Aweke alama, afukuze watoto, aite mafundi wa mabomu.

Mkataba wa Kinshasa juu ya silaha ndogo na risasi zake ulipitishwa mwaka 2010, katika mji mkuu wa nchi hii hii, na ulianza kufanya kazi 2017. Unadai nchi zihesabu na kulinda ghala zao. Wabunge wanaweza kuuliza mambo matatu bila kufichua siri yoyote ya vita: ghala ngapi ziko chini ya mita 500 kutoka shule au soko, baruti yake ilipimwa mara ya mwisho mwaka gani, na ipi itahamishwa kwanza. Na katika miji ambako leo mwingine ndiye anayeshika funguo za kambi, maswali hayo yanamhusu yeye pia, maana radi ya Mbuji-Mayi haikuuliza ghala ni la nani.