Hospitali Kuhamia Pembezoni: Nani Hasa Anaumia?



Kila ikitajwa habari ya kuhamisha hospitali kubwa kutoka katikati ya mji, hawakosekani wa kusema: "Wanaitupa porini!" Aghalabu wasemaji ni wenye magari. Kabla hatujawaitikia, tuitazame St George's ya London.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1733 pale Hyde Park Corner, katika jumba la bwana mkubwa aliyeitwa Lanesborough. Kwa nini pale? Kwa sababu palikuwa nje ya mji, penye hewa safi! Basi waliolalamika karne mbili baadaye kwamba inang'olewa "mahali pake" walisahau kuwa mahali pake palikuwa shamba. Mji ndio ulioifuata, ukaizungushia majumba ya matajiri.

Wanatutajia mabingwa waliopita pale. Ni kweli. Edward Jenner wa chanjo ya ndui alisomea hapo kwa John Hunter, mpasuaji mashuhuri, ambaye naye alifia humo mwaka 1793 akibishana kikaoni juu ya wanafunzi. (Vikao vya hospitali havikuanza leo kutoa roho za watu.) Lakini jina kubwa halimtibu mgonjwa aliye mbali.

Hospitali zilipoingia mikononi mwa serikali mwaka 1948, St George's ilipangiwa kuhamia Tooting, kusini mwa London, kwenye viwanja vya hospitali za zamani za homa, Grove na Fountain. Hyde Park Corner ikafungwa mwaka 1980.

Na Tooting wanaishi nani? Wafanyakazi, wahamiaji, Waislamu wengi. Mwaka 1970, kazi ya kuhama ikiendelea, familia ya dereva wa basi iliyotoka Pakistan ilipata mtoto katika St George's ya huko huko Tooting. Mtoto huyo ni Sadiq Khan, aliyechaguliwa meya wa London mwaka 2016. Hilo ndilo "pori" lenyewe! Na waliobaki mjini hawakuachwa yatima, kwani St Thomas' iko ng'ambo ya mto tu.

Lawama yangu mimi iko kwingine. Jengo la zamani, ambamo maskini walitibiwa bure kwa sadaka za watu, lilifunguliwa mwaka 1991 kama hoteli ya kifahari iitwayo The Lanesborough. Dereva wa basi hawezi kumudu hata usiku mmoja ndani ya kuta zile. Hao wanaolilia "mahali pake" sijawasikia wakilisema hilo.