Kolwezi: Nyumba ya zamani hailindwi kwa rangi mpya tu

Kule Zanzibar, kando ya bahari, iko nyumba moja inaitwa Mambo Msiige. Mwarabu tajiri aliijenga katikati ya karne ya 19. Baadaye ikawa makao ya konseli wa Uingereza, halafu ofisi za serikali. Mwaka wa 2015 ilifunguliwa kama hoteli kubwa, Park Hyatt.

Kurudishia nyumba kama hiyo sura yake ya kwanza si mchezo. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa. Fundi akipaka saruji juu yake, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, na ukuta unaharibika polepole. Ndiyo maana fundi mwenye akili anatafuta chokaa na boriti za mikoko kama wazee walivyofanya.

Ila makuta nayo yana nguvu. Pembeni ya Mambo Msiige liliongezwa jengo jipya, na UNESCO, iliyoingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, ilionyesha wasiwasi juu ya ukubwa wake. Na mahali ambapo matengenezo yanachelewa, watu wanakufa: sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Mambo haya yanahusu nini Kolwezi, mji usio na bahari? Yanahusu sana. Hapa urithi ni nyumba za wafanyakazi zilizojengwa zamani za Union Minière na kuendelea na Gécamines, kila moja na lupango yake. Chini yake kuna shaba na kobalti. Mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti kwamba familia za Cité Gécamines zilisukumwa kutoka wakati mgodi ulipopanuliwa. Wakaaji wa Kasulo waliona mambo ya namna hiyo mbele yao.

Wengine watasema nyumba hizo ni za wakoloni, ziende. Mzungu alichora ramani, ndiyo, lakini mikono iliyopanga matofali ilikuwa ya baba zetu, na watoto waliozaliwa humo ni wa Kolwezi. Wengine watasema shaba ndiyo inalisha jimbo. Ni kweli, lakini shaba itakwisha siku moja.

Zanzibar iko na mamlaka ya kulinda Mji Mkongwe tangu 1985, na hata hivyo inahangaika. Kongo iko na sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971. Sheria bila orodha ni karatasi tu. Jimbo la Lualaba liandike nyumba, shule na makanisa ya zamani kartie kwa kartie, mbele ya kibali kingine cha kuchimba kutolewa. Na familia zilizokwisha kuhamishwa ziitwe kwenye kazi hiyo, kwa sababu wao ndio wanajua nani alikaa wapi.

Hoteli ya Zanzibar ilitengenezwa kwa sababu kuta zake zilikuwa zingali zimesimama. Kartie iliyogeuka shimo, hakuna fundi wa kuirudisha.