BAHARI IMEPATA MOTO, NASI TUGAWANE AKIBA?

Ndugu Wanaushirika,

Mkutano Mkuu umekaribia. Maneno yanayopita barazani na dukani ni mamoja: "Mwani umekufa, bahari imechoka, akiba ya ushirika igawanywe kila mtu achukue chake." Maneno haya ni matamu masikioni lakini ni sumu. Tunayapinga hapa hadharani. Mwenye kujua kusoma asome, na mwenzake amsomee.

Kwanza tujue ukweli. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mbegu ni mbili: kotonii ndiyo yenye bei, spinosamu bei yake duni. Kuna watoto hapa kijijini waliokwenda skuli kwa kotonii. Tangu miaka ya 2000 kotonii ikaanza kupauka, ikawa nyeupe, ikakatika kambani na kwenda na maji. Wako waliosema ni hasidi. Wako waliosema ni mkono mbaya wa mpandaji. Si kweli! Moshi wa viwanda na magari ya dunia umeifunika hewa kama blanketi, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto lililozidi limeingia baharini. Sisi tunapanda penye maji ya magoti. Jua likipiga wakati wa kupwa, maji yanapita nyuzi 30. Kotonii haistahamili.

Sasa tuzijibu hoja za wagawaji, moja moja.

Wanasema: "Walioharibu ni matajiri wa ng'ambo, wao ndio walipe." Kweli, walioharibu zaidi ni wao, na wadaiwe. Lakini mwenye kudai naye anakula. Mpaka hao walipe, sisi tutapika nini? Deni?

Wanasema: "Bahari imechoka." Haikuchoka bahari, pamechoka pahala tunapopanda. Kwenye kina maji ni baridi zaidi na yanatembea. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, akiwamo Dk. Flower Msuya, wamejaribu pamoja na wakulima nyavu za mrija: mbegu inatiwa ndani ya wavu mrefu kama mfuko, wavu unaelea kwenye kina, na wimbi haliipati mbegu kuikata. Miaka yote mirija imekuwa ya wanaotunyonya. Safari hii mrija uwe wetu!

Lakini huko hakufikiwi kwa miguu. Kunataka chombo, nanga, maboya na nyavu. Nani kati yetu atanunua dau kwa mgao wake peke yake? Dau la mnyonge haliendi joshi. Akiba ikigawanywa tutakula wali siku chache, kisha tutarudi pwani mikono mitupu, na ushirika hatuna tena.

Wanasema: "Kwenda kwenye kina si kazi ya wanawake." Ati! Hebu tuulizane, nani aliyeupanda mwani huu tangu mwanzo? Wanaume wengi waliudharau, wakauita majani. Ni kweli kinamama wengi hawajui kuogelea, na hilo ni hatari ya roho. Dawa yake ni wafundishwe na wavishwe maboya ya kujiokolea. Si kuwarudisha penye maji ya moto wakavune hasara.

Wanasema: "Hata tukivuna, bei ni ya mnunuzi." Hapo wamesema kweli, lakini wameishia njiani. Tunangoja siku 45, tunavuna, tunaanika. Kilo saba mpaka kumi mbichi zinakauka kuwa kilo moja tu. Mnunuzi anataja bei, sisi tunaitikia. Mwani unapanda meli, ng'ambo unatolewa karajini, kitu cha kuzitishia aiskrimu na dawa ya meno. Kisha dawa ya meno inarudi dukani kwetu, tunainunua! Jamani, huu si unyonyaji ni nini? Kinamama wa Kidoti walishtuka mapema, wakasaga mwani wakautia katika sabuni. Hata spinosamu yenye bei duni inasagika. Na nyumba gani hapa kijijini hainunui sabuni? Lakini tusidanganyane: sabuni mbaya hainunuliwi mara mbili. Lazima tujifunze vipimo, tufunge vizuri, na tupate ruhusa ya viwango kabla ya kubisha mlango wa hoteli.

Ndugu zangu, shida iliyoingia dunia nzima ina wanunuzi dunia nzima. Joto hili halikuja kijijini kwetu tu. Pwani yote inalia kotonii. Ushirika utakaoitunza mbegu ikabaki hai kwenye kina utauza mwani, na mbegu pia utawauzia jirani. Anayeanza ndiye mwenye soko. Anayelala atakwenda kununua kwa aliyeamka.

Basi kwenye Mkutano Mkuu tunataka haya yapigiwe kura:

1. Akiba isigawanywe.
2. Linunuliwe dau moja na nyavu za kujaribia, si zaidi, mpaka tuone mavuno mawili.
3. Kinamama watakaokwenda kwenye kina wafundishwe kuogelea kabla ya nyavu kutiwa majini.
4. Inunuliwe mashine ya kusagia, na wawili wetu wapelekwe kujifunza sabuni.
5. Hesabu ya kila senti ibandikwe ukutani hapa kila mwezi.

Hilo la tano halina mjadala. Anayeogopa hesabu kubandikwa asigombee uongozi.

Wazee walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi upwa tunao, tuliobakisha ni kugaagaa. Njooni mkutanoni, waume kwa wake. Asiyekuja asije kulalamika barazani.

Umoja ni nguvu!

Mwanaushirika, mkulima wa mwani