Bosi, usimlipe fundi kwa kila mashine

Mimi ni fundi kompyuta hapa Isongole, wilayani Ileje, na ninachoandika leo huenda kikanipunguzia kipato. Ofisi nyingi za mpakani, hasa za mawakala wa forodha, bado zinamlipa fundi kwa kila mashine anayoipiga Windows. Anakuja na flashi yake, anabofya, anajibu maswali kadiri atakavyokumbuka siku hiyo, anachukua chake, huyoo. Mashine sita, kila moja na mambo yake.

Hasara yake utaiona kwenye makaratasi. Mashine iliyoachwa na mpangilio wa Kimarekani hutanguliza mwezi, hivyo ankara ya mahindi ya tarehe 3 Aprili inatoka 4/3, na karani wa meza ya pili anaisoma 4 Machi. Ukurasa nao unajipanga kwa saizi ya Letter wakati rimu zote madukani ni A4. Halafu kuna saa. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa kule inarudi nyuma yenyewe. Sitaki kompyuta inayochapa nyaraka za mzigo ifuate mkumbo huo.

Haya yote yanamalizwa kwa kifurushi kimoja kilichoandaliwa kwa ajili ya ofisi yako. Microsoft wanatoa bure zana ya kupanga usakinishaji wa Office: unaandika faili dogo la maagizo, Word na Excel ziingie, Access ibaki nje, unashusha mara moja, kisha mashine zote zinasoma kwenye flashi hiyo hiyo. Mafaili yenyewe ni ya GB kadhaa. Kuyashusha upya kwa kila mashine ni kuchoma bando bure. Humo unaongeza draiva ya printa, saa ya Nairobi (ndiyo yetu pia), A4, siku kabla ya mwezi. Jaribu kwenye mashine moja kwanza.

Najua mafundi wenzangu watasema mteja wa huku hana hela ya leseni. Sawa, basi mwekee LibreOffice, ambayo ni ya bure na ukiipa amri sahihi inajisakinisha bila kuuliza swali hata moja. Lakini fundi akikutaka uzime kwanza kinga ya virusi ili programu “ikubali”, mtilie shaka, maana unaacha mlango wazi kwa wezi wa taarifa. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na namba za NIDA za wateja zilizomo kwenye mashine hizo ni dhamana yako wewe, bosi.

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi mtatuita tena. Kabla hujapiga simu, panga bei ya kifurushi, si ya mashine. Dai flashi pamoja na karatasi ya maelezo, zifungiwe kwenye kabati la ofisi, na fundi umlipe vizuri.